Rangi ya Maji ya Bibi Mabel

Wadogo zangu wa kwaya,

Siku ya vijana mlinipa kipaza sauti niwaeleze kazi niliyoifanya, nikaishia kucheka na kurudi kukaa. Sasa nimeona niandike. Shule yangu iliishia darasa la saba, kambini kule Kigoma, lakini mwalimu wetu alikuwa na mwandiko mzuri na fimbo nzuri, kwa hiyo herufi zilinikaa. Najua nikiwauliza swali mtanijibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Someni hivi hivi, na pakiwa pagumu muulizeni mama.

Kwanza hili neno mstaafu. Shangazi yangu hulicheka kila nikilitaja. Anasema mstaafu gani huyu hana mvi hata moja na bado anaazima viatu vya mdogo wake. Lakini kifundo cha mkono wangu wa kulia kilichoka kabla yangu mimi. Daktari pale Campbelltown alikigeuza huku na huku, akaniambia nichague kati ya kukata kadi za picha sasa na kushika kikombe uzeeni. Nikachagua kikombe, maana chai naipenda sana. Na mtu akiiacha kazi aliyoipenda, akajua hatairudia, mimi naona huyo amestaafu, awe na mvi asiwe nazo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutia picha kwenye fremu. Wengi mnadhani ni kugongelea vijiti vinne na kuweka kioo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Niliipata kwa sababu ya sauti yangu kubwa. Nilikuwa Parramatta, nimetoka kunyimwa kazi ya ghala, nimesimama kwenye uchochoro mmoja namlalamikia Shangazi kwenye simu. Mlango wa duka nyuma yangu ukafunguliwa, akatoka mzee wa Kihindi mwenye aproni, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Binti, punguza sauti. Unanitikisia vioo."

Nilishtuka hata nikakata simu bila kumuaga Shangazi. Huyo ndiye Mzee Kaetano. Mgoa, mzaliwa wa Tanga, alikuja Australia akiwa kijana na akakaa. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kigoma. "Aa, mwisho wa reli. Na hapa unakaa wapi?" Nikasema Campbelltown. Akanitazama kwa huruma. "Basi hujahama, mwanangu. Bado uko mwisho wa reli."

Alikuwa anatafuta mtu wa kufagia na kubeba vioo. Nikaingia siku ile ile. Ufagio niliushika majuma machache tu, halafu akanipa kisu.

Sasa niwaambie habari ya mafuta, maana hili linawahusu ninyi hasa. Mnajua sisi na mafuta ya kujipaka. Kutoka nyumbani mikono imepauka ni aibu kubwa kuliko kutoka bila viatu. Basi Julai, baridi kali, nilikuja kazini mikono inang'aa kama sufuria ya harusi, nikahamisha kadi nyeupe kutoka meza hii hadi ile. Mzee Kaetano hakugomba. Aliiinua kadi moja kwenye mwanga wa dirishani, akaniita. Vidole vyangu vitano vilikuwa vimetulia pale, kila kimoja na mistari yake.

"Hii tutaitupa," akasema. "Ingekuwa karatasi ya mtu, ungekuwa umeweka sahihi mpaka kiama. Chagua, mikono mizuri au picha nzuri."

Tangu siku hiyo kazini nilikuwa mtu wa kupauka. Nikifika ibadani Jumapili akina mama wakiniona mikono wananiuliza kama ninakula vizuri. Mmoja, Mama Nsimire, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akisimama mbele yangu kwenye kwaya, aliniletea chupa nzima ya mawese, akaniambia ninywe kijiko kila asubuhi. Sikunywa, nilipikia maharage. Lakini huyo Mama Nsimire mumshike akilini, ndiye mwenye kisa.

Kitu kingine ni uji. Picha ya karatasi haibandikwi kwa gundi ya dukani wala kwa utepe wa kunata. Utepe unazeeka, unageuka rangi ya tumbaku, na siku ukiubandua unaondoka na ngozi ya karatasi. Picha inaning'inizwa kwa bawaba mbili ndogo za karatasi laini ya Kijapani, na bawaba hizo zinashikwa kwa uji wa wanga wa ngano. Ndiyo, uji. Unaukoroga na maji, unaupika moto mdogo bila kuuacha hata kidogo, unaupoza, unauchuja. Mzee Kaetano alikuwa fundi wa kila kitu, lakini uji wake ulikuwa na mabonge. Mimi mtoto wa kwanza, nimewapikia uji wadogo zangu tangu nikiwa na urefu wa meza. Siku nilipoupika mimi aliuinua kwa brashi, ukateremka kama hariri, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwenye foleni ya mgao wa unga, huko mwisho wa reli. Kuanzia hapo mwiko ulikuwa wangu.

Nilimuuliza kwa nini tuhangaike na uji wakati gundi zipo tele. Akaniambia uji ukiutia maji unaachia. Kesho yupo fundi mwingine, atafungua fremu hii mimi na wewe hatupo, naye lazima aweze kuondoa tulichoweka bila kuumiza kitu. Usimfanyie picha jambo ambalo mwenzako hawezi kulirudisha nyuma. Nikiwaachia jambo moja tu katika haya yote, chukueni hilo.

Na kuna dirisha. Ile kadi nene inayoizunguka picha ndani ya fremu, sisi tuliiita hivyo, kwa sababu unakata uwazi katikati na picha inachungulia. Kadi inaizuia karatasi isiguse kioo, maana ikigusa, unyevu unaiozesha. Kisu unakilaza mshazari, unabadilisha wembe kila kazi mpya, unavuta kuelekea kwako kwa pumzi moja, na unasimama kwenye kona pale pale. Ukipitiliza, kona inabaki na mkwaruzo, na mtu akishauona hataona kingine. Mimi nilipitiliza mara nyingi. Mzee alizikusanya kadi zangu zilizoharibika, akazitumia kuandikia orodha ya mahitaji ya nyumbani, nami nikawa naona makosa yangu yamebeba vitunguu na sabuni.

Haya, sasa kisa chenyewe, cha picha ya ngome.

Mama Nsimire alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Liverpool, hii ya hapa Australia. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mnaijua kazi hiyo, wengi mama zenu wanaifanya. Alikuwa anamhudumia mwanamke mmoja mzee sana, Bibi Mabel, ambaye macho yake yalikuwa yameondoka karibu yote. Bibi huyo alikuwa na picha moja tu ukutani, na kila jioni baada ya chakula alimwomba Mama Nsimire aishushe aiweke mapajani mwake, aitazame kwa lenzi, inchi kwa inchi.

Ilikuwa picha ya ngome ya huko Wales, juu ya kilima kando ya mto. Ilichorwa karibu miaka mia mbili iliyopita, wakati wachoraji wa Ulaya walikuwa wamependa magofu kupita nyumba zinazokaliwa na watu. Mnara mmoja mzima, mwingine umebomoka na miti imeota ndani yake. Juu kabisa ya ule mzima kuna ndege mmoja, mdogo kama punje ya mtama. Chini mtoni kuna mwanamke na ng'ombe wawili. Zaidi ya hapo ni mbingu tu, mbingu kubwa, jua linazama au linachomoza, sikuwahi kujua. Ilikuwa ya familia ya Bibi Mabel, imetoka kwa mama wa bibi yake huko.

Jioni moja kamba ya nyuma ilikatika, picha ikaanguka, kioo kikapasuka. Picha yenyewe haikupata hata alama. Mama Nsimire akasema anamjua binti wa fremu. Bibi akakubali, msimamizi wa zamu akakubali, na Mama akaichukua kwake ili Jumatatu ailete dukani.

Pale ndipo usafi wa Mama Nsimire ulipomponza. Nyumbani kwake unaweza kula sakafuni. Aliondoa vipande vya kioo visije vikaikata picha, akaona mbinguni kuna madoa madoa ya manjano. Akasikia uchungu. Bibi Mabel anaitazama kila siku na madoa hayo, na hakuna aliyemsafishia. Nyuma ya picha palikuwa na neno la Kiingereza linaloeleza ni rangi gani, naye akaiuliza simu yake maana yake. Simu ikamjibu: rangi ya maji.

Ninyi mliozaliwa hapa huenda hamjaelewa bado. Kwetu rangi ya maji ni ya ukutani. Unaponunua rangi ya nyumba muuzaji anakuuliza, ya maji au ya mafuta? Ya mafuta ni ya milango, ya maji ni ya kuta. Na rangi ya maji ikishakauka ukutani, mtoto akiuchafua, unachukua kitambaa kibichi unafuta na ukuta unarudi mpya. Mimi mwenyewe nimefuta kuta hizo. Mama Nsimire akalowesha kitambaa, akakikamua vizuri, akakipitisha mara moja tu.

Kitambaa kikarudi na mbingu.

Alipoingia dukani Jumatatu alikuwa ameibeba picha ndani ya foronya safi, na mkononi ana mfuko wa plastiki. Akaniita kwa jina, "Tabu mwanangu, miye sikuharibu. Nilifuta tu. Kidogo, vraiment, kweli kidogo." Halafu akatoa kwenye mfuko kile kitambaa chenyewe, chenye doa la bluu na waridi. Alikuwa amekileta ili tuirudishe rangi. Alidhani kwa vile imetoka pale, na ipo hapa, mafundi wanaweza kuihamisha.

Mzee Kaetano alikipokea kitambaa kwa mikono miwili. Hakucheka, na ninyi mnajua kwa vile nilivyomweleza kwamba huyo ni mtu wa kucheka. Alikikunja, akakiweka mezani pembeni, akamvutia Mama kiti. Ndipo akaiinamia picha na lenzi, kwa muda mrefu.

Kulia kwa mnara, juu kidogo ya ndege, palikuwa na mfuto mmoja mweupe, alama ya kitambaa, mpana kama vidole viwili.

Akamweleza taratibu. Rangi hii haina ngozi kama ile ya ukutani. Ni vumbi la rangi limelala juu ya karatasi, na maji yakirudi linaamka. Weupe wote uliomo kwenye picha, jua lile, povu la mto, si rangi nyeupe, ni karatasi yenyewe imeachwa wazi. Akamwonyesha sehemu nyingine ya mbingu, karibu na jua, penye miale. "Hapa mchoraji naye alifuta," akasema. "Kwa kitambaa kibichi kama wewe. Wengine walitumia hata nyama ya mkate, ule ulaini wa ndani. Ndivyo walivyotoa mwanga."

Mama Nsimire akainua uso. "Basi tulifanya sawasawa?"

"Mmefanya sawasawa. Ila yeye picha ilikuwa yake."

Mama akainamisha uso tena. Akaomba tupake bluu kidogo pale, nani ataona, Bibi mwenyewe haoni. Mzee akakataa kabisa. Sisi ni watu wa fremu, akasema, rangi hatugusi, na bluu ya leo juu ya karatasi ya zamani inabadilika kwa namna yake, baada ya miaka michache itakuwa kiraka. Wapo mafundi wa kutibu karatasi, lakini hata wao hawaamui, anaamua mwenye picha. Mama akasema mwenye picha akijua, yeye kazi hana. Ameharibu mali ya mgonjwa akiwa kwenye majaribio, na alikuwa ameshawaambia watoto wake kwamba hapa sasa wamefika, hawahami tena. Hapo nikaenda kuchemsha chai, maana sikujua pa kuangalia.

Niliporudi, alikuwa anaitazama meza yangu ya kukatia. Akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao, "Tabu, hii dirisha si wewe njo unakata? Ukate kadogo. Kafunike pale."

Sikuwa nimelifikiria, na kwa kweli lilikuwa jambo rahisi. Fundi wa fremu anaweza kuficha chochote kilicho karibu na ukingo. Unashusha mstari wa juu, basi. Nikaweka rula. Mfuto ungefunikwa wote. Lakini ungefunikwa pamoja na ncha ya mnara, na ndege.

Nilimtazama Mzee Kaetano nikitegemea agombe. Akasema, "Tuitoe kwanza kwenye kadi ya zamani."

Tukaitoa. Kadi ya zamani ilikuwa imekuwa rangi ya chai, na nilipoinyanyua tukaona kwamba ukingo wake wa chini ulikuwa mpana kupita kawaida. Chini yake, kushoto, kwenye nyasi za ukingo wa mto, palikuwa na mfuto mwingine. Mdogo, wa duara, umezunguka kama mtu aliyechovya kidole kwenye maji akasugua. Kidole chenyewe kidogo sana. Pembeni yake mguu mmoja wa ng'ombe ulikuwa umeyeyuka.

"Mtu alituwahi," Mzee akasema.

Mama Nsimire akauliza nani. Hakuna aliyejua. Aliyekata dirisha lile alikata kwa makusudi ili kuficha, na akauficha mfuto vizuri, kona zake zilikuwa safi. Nilizionea wivu kona zile.

Kisha Mzee akaniambia nikate madirisha mawili. Dogo kama Mama anavyotaka, na kubwa linaloonyesha yote. "Mpelekeeni mwenyewe. Picha si yetu, na dirisha si letu."

Niliyakata yote mawili siku ile ile. Kwa lile dogo nilivuta kisu vizuri kuliko siku zote, na mpaka leo sijui kwa nini mkono ulitulia hivyo kwenye kazi ambayo moyo haukuitaka.

Kesho yake tukapanda treni kwenda Liverpool, mimi nimeishika picha imelala mapajani ndani ya jalada gumu, Mama ana madirisha mawili kwenye karatasi ya kufungia. Njia nzima alizungumza. Alisema Bibi macho yameisha. Alisema akimwonyesha dogo atafurahi, kazi itabaki, na hakuna aliyeumia. Alisema Mungu anaona moyo. Nilitamani kumwambia kitu. Mimi nina ugonjwa wa kuota nikiwa macho, na muda wote nilikuwa ndani ya ile ngome, napanda ngazi za ule mnara kumtafuta ndege, nikifika juu nakuta kadi nyeupe. Hilo siyo jambo la kumwambia mtu anayeogopa kupoteza kazi. Tulipokaribia kushuka akachomoa dirisha dogo, akaliweka juu ya lile kubwa.

Bibi Mabel alikuwa ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyotarajia, amevaa sweta la kijani. Mama Nsimire alipoingia, Bibi aligeukia mlangoni kabla hatujasema neno. Alimjua kwa nyayo. Akamuuliza kwa Kiingereza kama ngome yake imerudi, na Mama akamjibu kwamba imerudi lakini bado haijavaa nguo, na kwamba amekuja na binti wa fremu ili yeye achague.

Nikailaza picha juu ya meza ya kitandani. Mama akaweka juu yake dirisha dogo. Akalisawazisha kona kwa kona.

Bibi Mabel akachukua lenzi. Tulidhani ataanzia popote. Hakuanzia popote. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnara, akapanda nao, polepole, uso ukiwa karibu kugusa karatasi, akafika kwenye kadi. Akarudi chini, akapanda tena.

"Ndege wangu yuko wapi?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza paka amelala wapi. Mimi nilikuwa na jibu la kifundi tayari mdomoni, kwamba kadi hii ni ya kujaribia tu. Sikulisema, kwa sababu Mama Nsimire alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaishika kadi kwa kona mbili akainyanyua, akaiweka kitandani, uso chini.

"Yupo hapa, Bibi," akamwambia. Kiingereza chake hakikuwa kingi, naye alikisema chote. Kwamba aliona uchafu. Kwamba alidhani ni rangi ya ukuta. Kwamba alitaka mbingu iwe safi kwa ajili yake, akachukua kitambaa, na mbingu ikatoka. Alimshika Bibi kidole, akakipeleka juu ya picha bila kukigusisha, mpaka mahali penyewe. "Hapa. Ni mimi."

Bibi Mabel akaweka lenzi pale. Kisha akashusha lenzi yote, mpaka chini, kushoto, kule ambako miaka yote kulikuwa kumefunikwa na kadi. Mkono wake ukasimama.

"Na wangu je?" akasema. "Bado upo?"

Mama akainama kupatazama.

Alikuwa mtoto, Bibi akatueleza, hajaanza shule. Alimsikia baba yake akimwambia mgeni kwamba hii ni rangi ya maji, naye alitaka kujua kama maji ya ule mto ni maji kweli. Akapanda kiti, akalamba kidole, akasugua. Wakati huo picha ilikuwa imetolewa kioo ili kisafishwe. Baba yake hakumchapa wala hakusema neno. Baada ya siku chache picha ikarudi ukutani, na ng'ombe alikuwa mzima, kwa sababu miguu yake haikuonekana tena. Hakuna aliyeitaja habari hiyo mpaka baba akafa. Yeye alikuwa akiitazama picha kila siku akijua kuna kitu chake chini ya kadi, na akijua hawezi kuuliza.

"Nilidhani labda niliota," akasema.

Mama Nsimire akamwambia hakuota. Ng'ombe mmoja hana mguu. Bibi akacheka, kicheko kikavu, mpaka akakohoa, na Mama akampa maji, akamfuta mdomo. Kwa kitambaa cha kazi anachokuwa nacho mfukoni, na alipotambua anachofanya akasita, na Bibi naye akatambua, wakacheka tena wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na kadi yangu kubwa, machozi yananitoka, nikihofia yasidondoke kwenye picha tukaanza upya.

Alichagua kubwa. Tena akataka kubwa zaidi ya lile nililokata, mpaka ukingo wa karatasi uonekane pande zote nne, asifunikwe mtu. Msimamizi wa zamu alipopita Bibi akamwambia mwenyewe kwamba picha yake ina alama mbili, zote anazijua zilikotoka, na kwamba anaridhika. Ikaishia hapo. Mama Nsimire alimaliza majaribio yake, na mpaka sasa yupo kwenye nyumba ile ile.

Lile dirisha la mwisho nililikata kwa siku nzima, hesabu nilizirudia mpaka Mzee akaniondolea rula. Picha ikiachwa wazi mpaka ukingoni haiwezi kujificha, na fundi naye hawezi. Bawaba zilikaa nyuma kabisa, kwa uji wangu. Kioo kikawa kile cha kuzuia jua lisile rangi. Mzee Kaetano akakagua kona moja baada ya nyingine kwa lenzi, akairudisha lenzi mfukoni, akasema, "Haya." Mtu wa Tanga yule akisifu kazi, hiyo ni hotuba. Lile dogo hakulitumia kuandikia vitunguu. Alilipasua vipande viwili, akatia kwenye pipa.

Tukaitundika mbali na dirisha la chumba, kwa waya, si kamba. Bibi aliishi nayo hivyo majira ya baridi na kiangazi kilichofuata. Alipofariki, Mama Nsimire ndiye aliyekuwa zamuni, na ndiye aliyeifunga picha kwenye foronya kwa ajili ya ndugu zake.

Basi ndiyo kazi niliyoifanya. Nikipita kwa Mama Nsimire siku hizi namkuta anasafisha, kama kawaida yake, ndoo hapa, sabuni pale. Ukutani ana picha ya ubatizo wa mjukuu, fremu nilimtengenezea mimi. Anafuta meza, anafuta viti, anafuta mlango. Akifika kwenye ile picha anasimama, anakausha mikono kwenye kitenge, anaipuliza tu.